Nane Katika Arobaini

Ukitaka kumuudhi Mwalimu wa Hesabu, ungemwambia una hakika asilimia mia. Angekutazama juu ya miwani yake, ile aliyoifunga uzi mweusi nyuma ya sikio, akakuuliza, "Mia ya nini?" Na usipokuwa na jibu angeendelea kukutazama mpaka uone haya. Siku moja alikuja kiongozi mmoja shuleni kwetu, akawaambia wazazi mkutanoni kwamba kijiji kinaunga mkono ujenzi wa vyoo vipya kwa asilimia mia moja na ishirini. Sisi wengine tulipiga makofi. Yeye alinyoosha mkono, akasimama, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, hao ishirini wametoka kijiji gani?" Watu walicheka mpaka mgeni akafunga daftari lake. Vyoo havikujengwa mwaka ule, na Mwalimu Mkuu alishikilia mpaka mwisho kwamba ni kwa sababu ya ulimi wa mwanamke yule.

Nilimkuta katika kijiji cha Mkange nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza, mwalimu wa Kiswahili mwenye begi moja na godoro lililokunjwa. Nyumba za walimu zilikuwa mbili, moja imeezuliwa paa na upepo. Nikaambiwa nitakaa na Bi Mkubwa, ndivyo walimu walivyomwita Mwalimu wa Hesabu. Alikuwa kizingitini anachambua mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unakoroma?"

"Hapana."

"Mimi nakoroma. Chumba chako kile."

Nilikaa naye miaka tisa. Sitaandika alizaliwa wapi wala wa ukoo gani. Mengi ya hayo hakuniambia, na machache aliyoniambia si yangu kuyatembeza. Sasa ametangulia mbele ya haki. Ninachoweza kusema ni yale niliyoyaona, na lile moja nililolifanya mimi mwenyewe.

Asilimia ndilo somo alilolipenda. Sehemu na desimali alizifundisha vizuri, lakini kama mtu anayepita njia ili afike mahali. Akifika kwenye asilimia, darasa la sita, alibadilika. Alivaa kanga mpya juu ya gauni, akaingia na makopo. Kila dawati lilipewa kopo la udongo na mbegu za choroko, nao walipanda na kumwagilia. Baada ya siku chache walihesabu zilizoota. Lakini hakuwapa mbegu sawa. Hawa aliwapa ishirini, wale ishirini na tano, na wengine kumi. Kisha angechagua makopo mawili, akayaweka mezani.

"Hapa walipanda ishirini, zimeota kumi na tano. Hapa walipanda ishirini na tano, zimeota kumi na nane. Kopo gani limeotesha vizuri zaidi?"

Darasa zima lingepiga kelele kwamba ni la kumi na nane, kwa sababu kumi na nane ni nyingi kuliko kumi na tano. Hakuwasahihisha. Aliandika swali ubaoni, akatoka. Siku nzima wangebishana, hata uwanjani, hata njiani kurudi nyumbani, na kesho yake daima alikuwapo mmoja au wawili waliolala na jambo hilo wakaamka na shaka. Hapo ndipo alipoanza.

"Hawa hawakuanza sawa, basi hatuwezi kuwashindanisha. Tuwape wote mia. Ishirini inaingia mara ngapi kwenye mia?"

"Mara tano!"

"Basi na kumi na tano tuirudie mara tano."

"Sabini na tano!"

"Ishirini na tano inaingia mara ngapi?"

"Mara nne!"

"Na kumi na nane mara nne?"

Kimya, vidole vinahesabu chini ya dawati, kisha sauti moja, "Sabini na mbili." Na baada ya sauti hiyo, mguno wa darasa zima. Nilikuwa nafundisha chumba cha pili, ukuta haukufika juu, na nilikuwa nikiusikia mguno ule kila mwaka. Alikuwa akiwaambia, "Mia si vitu ulivyo navyo. Mia ni uwanja. Tunawaita wote uwanja mmoja, ndipo tuone nani mrefu."

Hakutumia fedha hata kidogo. Vitabu vilijaa faida na hasara za wauza duka, naye alizifikia mwishoni kabisa, kwa kulazimika. Alisema mtoto wa Mkange akisikia shilingi hupata ama tamaa ama hofu, na vyote viwili havijui kuhesabu.

Kulikuwa pia na somo la ndoo. Alijaza ndoo makopo ishirini na matano ya maji, akatoa asilimia ishirini, yaani makopo matano. "Sasa narudisha asilimia ishirini ya hayo yaliyomo," alisema. "Itajaa?" Wakaitikia ndiyo. Yaliyomo ni makopo ishirini, asilimia ishirini yake ni manne. Anarudisha manne, ndoo haijai. Nilimwona mtoto akiinama kutazama chini ya ndoo kama inavuja. Mwalimu alimwacha atazame mpaka aridhike. Kisha akasema, "Ukishapoteza, unachorudishia si kile ulichoanza nacho. Ni kile kilichobaki. Ndiyo maana kurudisha ni kazi kuliko kupoteza." Halafu maji yale yalikwenda kwenye makopo ya choroko, maana kisima kilikuwa mbali na yalikuwa yametekwa na watoto hao hao.

Darasa lile kwa kawaida lilikuwa na watoto hamsini. Kila asubuhi aliandika kwenye kona ya ubao asilimia ya waliohudhuria. Wakati wa kuvuna ufuta ilishuka mpaka sitini, hamsini na nane. Mtoto aliyerudi baada ya kutoonekana hakumwuliza ulikuwa wapi. Alimwambia tu, "Jana asilimia mbili yetu haikuwapo." Mtoto alikaa chini akijua kwamba yeye ndiye mbili.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa mpole. Hakushika fimbo, ila maneno yake yaliacha alama. Mwezi wangu wa pili pale alizichukua insha nilizosahihisha, akazipitia zote mbele ya walimu, akasema nimegawa alama kama mtu anayegawa sadaka. Nililia chooni. Kusifu hakujui. Mtoto aliyepata zote alipata vema zake na neno moja, "Haya." Watoto waliitamani hiyo "Haya" kuliko pipi.

Na alikuwa na mambo yasiyoingiliana. Mtu huyu aliyepima maji kwa kopo hakuwahi kupima chumvi, na wali wake ulikuwa ama maji ama mkaa. Alifuga kuku nyuma ya nyumba, ukimwuliza wangapi alikukataza hata kuwanyooshea kidole. "Kuku hawahesabiwi, watapungua." Nilimwambia, Mwalimu, wewe? Akasema, "Shuleni ni shuleni." Vicheche waliwala hivyo hivyo.

Kila alasiri, baada ya swala, alifungua redio kusikiliza matangazo ya vifo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, miwani mkononi. Mara chache jina lilipita, naye akaizima redio kabla tangazo halijaisha, akaingia ndani. Nilijua ni mwanafunzi wake wa zamani. Nilijaribu mara moja kumwuliza alikuwa mtoto wa namna gani. Alijibu, "Alikuwa akisahau kupunguza sehemu."

Nimezunguka kutosha. Nimseme Siwema.

Siwema alikuwa mtoto mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, mtoto wa mkulima wa ufuta aliyekaa mwendo wa saa nzima kutoka shuleni. Mwaka wake, ndiye aliyekuwa sauti ile moja baada ya kimya. Mwalimu alimwambia "Haya" mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote niliyemwona katika miaka tisa, na kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuonyesha mapenzi, alimpa pia maswali magumu zaidi ya kwenda nayo nyumbani. Siwema aliyarudisha kesho yake yakiwa yamekunjwa mara nne, yamefanywa kwa penseli iliyochongwa mpaka ikabaki ncha ya kidole.

Alipokuwa darasa la saba, ilisikika kwamba amekuja mtu kutoka Ubena na barua ya posa. Baba yake hakuwa katili. Alikuwa mtu wa swala tano, mpole wa maneno, mwenye watoto saba. Lakini mtoto akichaguliwa kwenda sekondari, posa ingesimama, na sheria ingekuwa macho. Mtoto akifeli, hakuna wa kuuliza.

Ulikuja mtihani wa majaribio wa wilaya. Hesabu zilikuwa maswali arobaini ya kuchagua, kila swali na majibu matano. Walimu tulisahihisha wenyewe. Mwalimu wa Hesabu alifika kwenye karatasi ya Siwema, akaisahihisha, akairudia, kisha akaiweka mbele yangu.

Sifuri. Sifuri katika arobaini.

"Alikuwa anaumwa?" niliuliza.

"Mgonjwa angepata japo tano," alisema. "Vaa baibui twende."

Ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Tulipita katikati ya mashamba, matita ya ufuta yamesimamishwa kukauka, yameegemeana kama watu waliochoka. Baba Siwema alitupokea vizuri, akatandika mkeka, akaagiza maji ya kunywa. Siwema alikuwa jikoni. Niliuona mguu wake nyuma ya mlango, haukusogea muda wote tuliokuwa pale.

"Baba Siwema," Mwalimu alianza, "mtoto amepata sifuri."

"Nimesikia, Mwalimu. Ndiyo uwezo wake. Mungu hakumjaalia."

"Uwezo wake si huo. Mtoto asiyejua kitu hapati sifuri."

Mzee akamtazama. "Kwa nini?"

Nimelifikiria sana hilo "kwa nini". Mtu mwingine angeulizwa hivyo angejibu kwa hasira, angetaja sheria, angetaja polisi. Yeye alikuwa mwalimu. Maisha yake yote alikuwa akingoja watu wamwulize hivyo. Akaokota kijiti, akachora ardhini.

"Maswali arobaini. Kila swali majibu matano, la kweli moja. Asiyejua atafumba macho achague. Katika kila maswali matano atagonga moja kwa bahati tu. Arobaini gawanya kwa tano?"

"Nane."

"Nane. Hiyo ni asilimia ishirini. Pengine atapata saba, pengine kumi, lakini humo humo. Ili ukose yote arobaini, lazima kila swali ulijue jibu la kweli, kisha ulikwepe. Siwema hakufeli, baba. Siwema amekwepa mara arobaini. Mtoto anayeweza hivyo ndiye bora katika darasa langu."

Mzee alikitazama kile alichochora. Aliangalia muda mrefu, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Kwa hiyo asiyejua ni nane."

"Nane."

"Au saba. Au kumi."

"Humo humo."

"Ahsante, Mwalimu," alisema. "Nimeelewa."

Alitupatia ufuta kwenye mfuko, akatusindikiza mpaka mwisho wa shamba lake. Njiani Mwalimu alikuwa na furaha niliyomwona nayo mara chache. "Umeona? Mtu mzima, hakusoma, nimemweleza mara moja ameelewa. Sasa anajua kwamba najua. Hatathubutu tena." Mimi nilikuwa nimeuona uso wa yule mzee alipokuwa akirudia saba, kumi. Nilihisi kitu, lakini sikuwa na hakika nacho, na kumpinga Mwalimu wa Hesabu bila hakika lilikuwa jambo zito. Nikanyamaza. Nami nina fungu langu katika habari hii.

Jumatatu alimwita Siwema pembeni. Nilikuwa karibu. Alimwuliza, "Utajibu?" Mtoto alitazama chini. "Nitajibu, Mwalimu." "Kweli?" "Kweli." Basi.

Siku ya mtihani wa taifa walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine, sisi tukakaa mbali kama inavyotakiwa. Matokeo yalikuja baada ya wiki nyingi, yamebandikwa ukutani nje ya ofisi. Siwema hakuchaguliwa. Mbele ya somo la Hisabati palikuwa na herufi ya mwisho. Matokeo yale hayasemi mtoto amepata mangapi, yanatoa herufi tu. Mwalimu aliweka kidole chake juu ya herufi ile.

"Nane," alisema.

"Umejuaje?"

"Nilimfundisha baba yake."

Alikwenda ofisi ya elimu. Alikwenda mara tatu, mara moja kwa miguu kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Walimsikiliza, wakamwuliza ushahidi. Na hapo ndipo mwiba ulipokuwa. Karatasi ya sifuri katika mtihani huu wa taifa ingeweza kuonyeshwa mtu, ingeweza kusomwa. Mtoto aliyekosa thelathini na mawili ni mtoto kama wengine, wanafeli wengi kila mwaka. "Nimemwonyesha mtu mahali pa kujificha," aliniambia aliporudi mara ya tatu, akivua viatu vilivyojaa tope. "Nimempa na kipimo."

Kabla ya mwaka kuisha Siwema aliolewa Ubena. Ngoma tuliisikia kwa mbali. Mwalimu siku hiyo alisahihisha madaftari tangu asubuhi mpaka alasiri, na kesho yake niliona baadhi ya vema zake zimekaa kwenye majibu yasiyo sahihi.

Aliendelea kufundisha miaka minne mingine. Mtu wa nje asingeona tofauti. Makopo yaliingia, mguno ulisikika. Lakini mzazi alipokuja kumwuliza jambo, alijibu kwa ufupi, na akiulizwa "kwa nini" alisema, "Mtoto atakueleza nyumbani." Hakuchora tena ardhini. Redio aliisikiliza vilevile. Mara moja, tukiwa tunamenya mihogo, nilimwambia kwamba hajui kwa hakika ilivyokuwa, kwamba mtoto anaweza kufeli kwa sababu mia. Alikata muhogo wake mpaka mwisho ndipo akanijibu. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemfundisha Siwema kukosa. Nilimfundisha kupitia kwa baba yake. Hilo nimelikubali. Usinibembeleze."

Alistaafu, akahamia Bagamoyo mjini kwa mtoto wa dada yake, karibu na soko la samaki. Nami nikahamishwa, nikapelekwa upande wa Chalinze. Kila likizo nilikwenda kumwamkia. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, akawa hasomi tena. Tulizungumza bei ya nazi na uvivu wa walimu vijana. Siwema hatukumtaja.

Kisha nikakutana naye. Ilikuwa Ubena, kwenye mashine ya kusaga, nimepita kununua unga nikitoka kwenye semina. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliacha foleni, akaja kunipa mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliitambua sauti kabla ya uso. Ile ya kukwaruza. Tulikaa kwenye gogo nyuma ya mashine, kelele zikatufunika. Aliniuliza habari za shule, habari za Mwalimu wa Hesabu. Nilimwambia ni mzima, macho tu. Halafu, sijui kwa nini, nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba siku ile tulipokwenda kwao tulifanya kosa, kwamba Mwalimu hajajisamehe mpaka leo kwa kumfundisha baba yake ile nane.

Siwema alinitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Baba aliniambia hivyo, ni kweli," alisema. "Asubuhi ya mtihani alinionyesha kwa vidole, nane. Nikamwambia ndiyo, baba. Lakini nilijibu, Mwalimu. Nilijibu yote."

"Ulijibu?"

"Nilikuwa nimemwahidi Mwalimu." Akampandisha mtoto mgongoni. "Kulikuwa na swali la asilimia, la tatu. Zuri sana. Nikasema hili silifanyi sasa, naliweka mpaka mwisho nilifanye kwa raha, kama mtu anavyoacha kinofu cha samaki pembeni ya sahani. Nikaliruka. Kwenye karatasi ya majibu sikuruka. Jibu la nne nikaliweka penye la tatu, la tano penye la nne, mpaka chini. Niligundua nimefika mwisho na nafasi imebaki. Nikaanza kufuta kwa haraka, karatasi ikachanika. Msimamizi akasema kalamu chini."

Mashine ilizimika ghafla, naye akaendelea kwa sauti ya chini.

"Nikasema basi, Mungu amependa kama baba. Nyumbani nilimwambia nimepata nane. Alifurahi, maskini."

"Kwa nini hukumwambia Mwalimu?"

"Ningemwambiaje? Niliona haya. Swali lenyewe nililijua." Zamu yake ilikuwa imefika, wanamwita. Alisimama, akageuka. "Mwambie, ukimwona. Mwambie nilijibu yote."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Ndivyo nilivyokuwa, sitaficha. Niliona nimebeba dawa. Mtu aliyeamini kwa miaka yote hiyo kwamba amemfundisha mtoto kukosa, sasa ningemwambia kwamba mtoto alikataa kukosa, kwamba neno lake mwenyewe, lile "Utajibu?", ndilo lililoshinda amri ya baba. Jumapili nikapanda gari kwenda Bagamoyo.

Nilimkuta amekaa kitandani, miguu chini, dirisha wazi, harufu ya samaki wanaokaangwa sokoni imejaa chumbani. Alinitambua kwa hatua. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama alivyopenda. Ahadi. Vidole vya baba. Swali lililorukwa, bila kutaja kwamba lilikuwa la asilimia, safu zilizohama, karatasi iliyochanika. Ujumbe wa mwisho niliusema neno kwa neno, "Mwambie nilijibu yote."

Nilingoja uso wake ufunguke. Mikono yake ilikuwa mapajani, na nikaona vidole vikianza kugusana kimoja kimoja, kama anahesabu safu za karatasi ile.

"Akihamisha safu, anapata mangapi?" aliuliza.

Sikutaka kujibu.

"Anakuwa kama anayebahatisha," alijijibu mwenyewe. "Nane. Humo humo."

"Lakini si wewe, Mwalimu. Hukumfundisha kukosa. Alijibu."

"Alijibu," alisema. "Peke yake mle ndani. Na mimi miaka yote hii nilikuwa nikimwona amekaa tu anakosa." Aligeuza macho yake meupe kuelekea sauti yangu. "Mwanangu, ungeniacha na lile la kwanza. Lile nilikwishalizoea."

Nje muuza samaki alikuwa akigombana na mteja. Tuliwasikiliza mpaka wakapatana.

"Lilikuwa swali gani," aliuliza, "hilo aliloliruka?"

Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumdanganya. Hakuwa mtu anayedanganyika.

"Hakumbuki," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, sijui kwa kuamini au kwa kunihurumia. Nilikaa kidogo tena, kisha nikaaga. Siku zote alinisindikiza mpaka penye bajaji, akipapasa ukuta, akikataa kushikwa mkono. Siku ile aliniagia pale pale kitandani, nikatoka peke yangu.